Loko ya mazutu imefanywa upya na dalili zinagombana: namna ya kujua ilitoka wapi

Tuseme umepiga foto ku pasaji anivo hapa Lubumbashi, loko inavuta mawago, rangi ingali inang'aa, nimero mupya, kisha bantu banaanza bishano: moja anasema ni ya China, mwingine anaapa ni ya Afrika Kusini, wa tatu anasema ni mupya kabisa juu aliona plake yenye iko na mwaka wa juzi juzi. Mara mingi bote batatu bako na haki, kila muntu kwa kipande chenye aliangalia. Loko yenye ilifanywa upya haitoki fasi moja. Shasi inaweza toka ku usine moja, moteri ku usine ingine, kabine ilitengenezwa mu ateliye yenye haikujenga hata kimoja ya bile bintu, na bogi (ile fremu ya chini yenye inashika magurudumu) ni za mashini yenye ilikufa mu aksida zamani.

Kwa hiyo mbele ya kusema "ni ya nani", tukubaliane: sisi tunafuata shasi. Ni sawa motokari yenye bamebadilisha moteri, portiere na hata plake, karte roze inafuata paka nimero ya shasi. Kila kintu chenye kinafunguka na ufunguo kinasikilizwa nyuma. Plake, rangi, nimero ya ku kapo (ile sanduku ya mabati yenye inafunika moteri), hata moteri yenyewe, ni mashahidi bya kuhamahama. Hapa chini nafuata dalili zenye zinasumbua bantu mingi na sababu zenye zinaweza kuwa nyuma yake, zingine nitapita mbio juu hazina mambo mingi.

Plake inasema mwaka moja, mashini inasema mwaka ingine

Hii njo kesi ya kila siku. Sababu ya kwanza: ile plake haiko ya usine yenye ilizaa loko, ni ya ateliye yenye iliifanya upya. Soma maneno yote, usikimbilie mwaka. General Electric (GE) ataandika Erie, Pennsylvania. EMD, ile ya General Motors, ni La Grange, Illinois, na zenye zilitoka upande wa Canada zitasema London, Ontario. Alco ni Schenectady, New York, na hapo angalia muzuri: Alco iliacha kujenga loko mwaka 1969, kwa hiyo ukiona mashini ya sura ya Alco yenye ni ya 1975, tafuta benye balikuwa na lisansi, sawa MLW ya Montreal ao usine ya Varanasi mu India, bale balijenga sura ile ile miaka mingi sana. Kama plake inataja jina ya kampuni ya kutengeneza na kukodisha, na hakuna neno ya usine hata moja, pale unasoma siku ya kubatizwa mara ya pili, haiko siku ya kuzaliwa.

Sababu ya pili ni ya kizembe zaidi: plake ilihamishwa. Mu ateliye plake inatoka mbele ya kupaka rangi, inatupwa mu sanduku pamoja na mabulo, na siku ya kurudisha kama mu hangari kuko loko mbili za famiye moja, mwenye anafunga anafunga yenye iko karibu na mukono. Hakuna mwenye alitaka kudanganya. Njo maana angalia plake ya upande wa kushoto NA ya kuume. Kama hazifanani, umeshapata jibu ya nusu, na usichague yenye unapenda.

Nimero ya usine ya EMD, ile ya ku plake, inasaidia sana hapa kama unajua kuisoma. Zile za miaka ya 1960 ni tarakimu tano zenye zinafuatana tu. Mu miaka ya 1970 balibadilisha: tarakimu mbili za kwanza ni mwaka wa oda, ine zenye zinafuata ni nimero ya oda, kisha kistari na fasi ya ile mashini mu oda. Ukiona inaanza na 75 na liste inasema mashini ilitoka 1976, hakuna kosa, oda iliandikwa 1975 na mashini ikatoka nyuma. GE yeye alibaki na nimero za kufuatana, mwaka hausomeki mule ndani, unahitaji liste ya usine pembeni.

Kisha, chini ya plake yote, tafuta nimero yenye ilipigwa mu chuma yenyewe ya shasi, kama iko, karibu na kichwa cha shasi fasi ya kuungia mawago ao pembeni chini ya kabine. Mara mingi iko chini ya rangi nene na mafuta ya miaka. Kitambaa, mazutu kidogo, kisha shaki (ile choki ya darasa) unapakaza kwa ubapa: mashimo yanabaki ya rangi na nimero inajitokeza. Usitumie brosi ya chuma, utafuta kile unatafuta.

Sauti haifanani na kapo

Hii njo dalili yenye mimi napenda, juu haihitaji ruhusa ya muntu, unasimama mbali na unasikiliza. Moteri za EMD za ile miaka ni tempo mbili, zinanguruma mfululizo bila kupumua, na kama kuko turbo inapiga filimbi juu ya ule munguruma. GE ya famiye ya FDL na Alco 251 ni tempo ine, zinagonga-gonga, na kama mashiniste anaongeza, GE inachelewa kidogo, inatoa moshi, kisha inakamata. Kama sura ni ya GE na sauti ni ya EMD, basi moteri ilibadilishwa, na kubadilisha moteri haibadilishi shasi.

Mufano muzuri uko Uingereza. Loko 33 za classe 57 zilitengenezwa kati ya 1998 na 2004 ku Brush, muji ya Loughborough, kwa kuchukua classe 47 za miaka ya 1960, kutoa moteri ya Sulzer na kutia EMD 645. Muntu mwenye anaangalia foto anaona mashini ya kingereza, mwenye anasikiliza anaona Amerika. Na classe 69 ni kichekesho zaidi: ni classe 56 zenye balitia EMD 710, na classe 56 zenyewe, 30 za kwanza zilijengwa Craiova mu Romania. Kwa hiyo unaweza kuwa na mashini ya Uingereza, yenye inaimba kiamerika, na shasi yenye ilizaliwa Romania. Hapo ukiniuliza "ilitoka wapi" nitakuuliza "kipande gani?"

Sasa shida kubwa: moteri yenyewe inaweza kuwa imechanganywa ndani. Zile nimero 567, 645, 710 ni ukubwa wa silindre moja kwa inchi za ujazo (645 ni karibu litre 10.6). Mu andiko kama 16-645E3, 16 ni silindre, 645 ni famiye, na ile 3 ya mwisho inakuambia kuko turbo. Lakini ateliye mingi balichukua bloke ya 567C na balitia ndani pistoni na silindre za 645, juu zinaingia, na piyese za 645 ni rahisi kupata. Bloke inasema zamani, matumbo inasema karibuni. Kwa hiyo ukiona nimero ya bloke ya zamani kuliko karatasi ya moteri, usiite muntu mwongo, andika yote mbili. Na nimero ya bloke haikuambii loko ni gani, inakuambia tu bloke ni gani; moteri inatoka kwa revizyo kubwa na yenye inarudi haiko lazima ile ile.

Kama uko na foto tu bila sauti, angalia juu ya kapo. EMD yenye haina turbo mara mingi iko na matundu mbili ya moshi, yenye iko na turbo iko na moja kubwa. Vantilateri za radiateri za EMD zinapangwa mustari ya mviringo juu ya mugongo, unazihesabu hata ku foto mbaya. GE ya zamani hauoni ule mustari.

Lakini nasema hii kwa herufi kubwa: USIPANDE JUU YA LOKO kuangalia. Huku kwetu mu Katanga waya za treni ziko na volti 25 000, na haihitaji uzigushe, kukaribia tu inatosha. Panda daraja ya bantu, piga foto na zumu, imeisha. Na foto karibu na gare ao depo uliza ruhusa mbele, juu bakikukamata na telefone pale, hakuna mwenye atasikiliza mambo yako ya silindre.

Nimero ya classe inakupeleka fasi mbaya

Reli yetu ni ya mm 1067, sawa Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini, njo maana mashini za kule kusini zinaweza kupanda Ndola, kupita Sakania na kufika hapa bila kubadilisha bogi. Na loko ya kule inakuja na nimero yake, ao na alama ya nimero yenye ilitolewa. Hapo bantu mingi banaanguka: banaona "34" na banasema "haa, ni GE". Siyo hivyo hata kidogo. Kule Afrika Kusini classe moja inachanganya usine mbili. 34-000 ni GE U26C. 34-200 ni General Motors GT26MC. 34-400 inarudi kwa GE, U26C tena. 34-600 na 34-800 ni General Motors GT26MC. Kwa ndugu zao badogo ni vile vile: 35-000 na 35-400 ni GE U15C, 35-200 na 35-600 ni General Motors GT18MC. Ile tarakimu ya kwanza nyuma ya kistari njo inakuambia usine, haiko 34.

Na majina yenyewe yanasomeka. U26C: U ya "universal", 26 ni nguvu ya farasi 2600, C ni ekseli tatu kwa kila bogi. U15C ni farasi 1500, U20C ni 2000. Upande wa EMD, T mu GT inakuambia kuko turbo, na C ya mwisho ni ile ile ya ekseli tatu. Kwa hiyo muntu akikuambia "hii ni U15C" na unaona kapo ndefu yenye moteri ya silindre 16 ya EMD, hapo kuna neno moja ya uongo.

Classe 39-000 njo mutego wa pili: nimero inaonekana mupya, sawa mashini za mwisho, kumbe zilitengenezwa kutoka 34-600 na 34-800 za zamani, ikawa GT26CU-3. Kisha 39-200 zenye zilifuata zilijengwa mupya. Bandugu mbili benye jina moja, moja muzee mwenye alinyolewa ndevu, mwingine kijana kweli.

Kama nimero ya zamani ilifutwa, usikate tamaa. Asubui ao jioni, wakati jua inapiga kwa ubavu, kingo za rangi ya zamani zinaonekana chini ya rangi mupya. Fasi yenye kulikuwa plake ya chuma utaona matundu ine yenye yalizibwa na sudire. Pima umbali wa yale matundu! Kila reli ilikuwa na saizi yake ya plake, na kama uko na foto ya mashini ingine ya ile reli, unalinganisha.

Na kama unamupata muzee mwenye alifanya mu ateliye na sasa yuko pansio, usimupige na nimero. Musalimie, ukae, kisha uulize:

"Papa, ile loko ilifika kwenu namna gani?"

"Ile? Mwana, ile ilikuja na kabine ya mwingine. Mulango wa kushoto haukukubali kufunga hata siku moja, tulikuwa tunaufunga na waya."

Unaona? Bazee banakumbuka mashini kwa ugonjwa wake. Mulango wenye haufungi ni dalili ya kabine yenye ilitoka ku shasi ingine, na hiyo hautaipata mu liste yoyote. Andika maneno yake vile alisema, kisha nenda uangalie ile fremu ya mulango.

Bogi haziko za ile mashini

Hapa napita mbio. Bogi inatoka na kuingia kila revizyo, kwa hiyo nimero na tarehe yenye iko mu chuma ya bogi inakuambia tu lini ile bogi ilimwagwa mu kalibu. Isipokuwa pale yenye upana wa reli unabadilika, hapo bogi inakuwa shahidi wa maana. Mwaka 2014 kampuni yenye ilikuwa inaendesha reli ya Kenya na Uganda, RVR, ilianza kupokea loko 20 za GE B23-7 zenye zilifanywa upya na NRE, kampuni ya Marekani ya kutengeneza loko. B23-7 ilijengwa kwa reli ya mm 1435, na reli ya Mombasa–Kampala ni mm 1000. Shasi na kapo bya Erie, bintu bya chini vilipaswa kubadilika. Kama unaona kapo ya kiamerika ya upana wa kwao juu ya reli nyembamba, na tumbo inazidi bogi kwa pande zote, anza kuuliza swali ya upana wa reli mbele ya kila kintu.

Kama unaweza kusoma plake ya moteri ya ekseli, ile ya umeme yenye inazungusha magurudumu (mu shimo ya ateliye, na ruhusa), GE wa reli nyembamba banatumia famiye ya 761, EMD ya GT26MC ni D29. Ukikuta 761 chini ya kapo ya EMD, hapo ndugu utakuwa na kazi ya wiki.

Kapo ao kabine ni ya kizazi kingine

Sababu ya kawaida: baliondoa pua ya juu, baliweka pua ya chini ili mashiniste aone. New Zealand, bale pia ba mm 1067, balichukua loko 85 za classe DA na baligeuza kuwa DC, kati ya 1978 na 1983, na pua ya chini na moteri ya 645 fasi ya 567. Ukiangalia DC hauoni DA hata kidogo, lakini shasi iko pale. Kwa mashini za namna hii fuata vyuma vya kushikilia vya pembeni (ile reli ya mukono): miguu yake imechomewa ku shasi, na kama kapo ilibadilishwa utakuta miguu yenye ilikatwa, vishina vyake vimebaki, na mipya imewekwa kati kati. Hesabu vishina, linganisha na foto ya mashini yenye haikuguswa. Mabati ya kapo yenye yana sudire ya mustari mrefu mahali hakuna mulango, kulikuwa mulango.

Sasa kuko kesi moja yenye inavunja sheria yangu ya shasi na lazima niiseme. CF7 ya Santa Fe, kampuni ya reli ya Marekani: kati ya 1970 na 1978, mu ateliye ya Cleburne, Texas, balichukua loko za EMD F7 na balitoa loko 233 za kapo nyembamba. Lakini F7 ilikuwa mashini yenye mwili wake njo unabeba, sawa daraja ya chuma, hakukuwa shasi ya kusimama peke yake. Balipotoa mwili, balipaswa kutengeneza shasi mupya. Kwa hiyo kwa CF7 shasi njo mupya, na moteri na bogi njo vya zamani, kinyume kabisa. Mbele ya kufuata shasi uliza: mashini ya mama ilikuwa ya kapo, ao ya mwili wa kubeba? Kama ilikuwa ya mwili wa kubeba, ukoo unafuata karatasi, haufuati chuma.

Serie moja, mashini mbili

Kama loko mbili ziko na nimero moja ya usine, ni plake ilihamishwa, ao moja iliandikwa kutoka kwa liste bila kuangalia mashini, ao loko mbili zilivunjika na balitoa moja nzima. Angalia shasi zote mbili siku moja kama unaweza. Yenye iko na nimero mu chuma njo mwenye jina.

Shasi haisomeki kabisa

Inatokea, kutu ilikula ao balisuda bati juu. Hapo usijaze nimero kwa kukisia, hata kama karibu una hakika. Andika famiye (EMD GT26MC kwa mufano), andika upana wa reli wenye ilijengewa, andika kila kintu kwa mustari wake: shasi, haisomeki, moteri, nimero ya bloke hii, ilisomwa tarehe hii, kabine, ya shasi ingine, muzee wa ateliye alisema, plake kushoto hivi, plake kuume hivi, bogi, tarehe ya chuma hii. Mwenye atakuja na foto ya zamani miaka ijayo atafunga ule mustari wa kwanza, na kama ulijaza uongo pale, atapoteza wiki mbili kubishana na wewe.